Mama Aliyekataa Kutoa Mkono

Mkeka wetu wa kwanza niliununua Dunga, pale ufukweni Kisumu, mwaka 2006. Ulikuwa wa mafunjo, na kwa kuwa mmoja haukutosha nilichukua mitatu, tukaishona pamoja kwa sindano ya magunia na kamba ya nailoni mpaka ikatimia hatua 7 kwa 9. Mafunjo hayapendi mvua wala visigino, kwa hiyo tumebadilisha mikeka mara nyingi tangu siku hiyo. Kipimo hatujakibadilisha. Hizo hatua 7 kwa 9 ndizo jukwaa langu. Nimekuwa katika michezo ya kuigiza tangu 1997, Nakuru ninakoishi, Kisumu alikotoka baba, na miji ya njiani: Molo, Londiani, Muhoroni, kisha huko juu mpaka Kakamega na Bungoma.

Watu wakisikia "thieta ya majaribio" huniuliza kwa nini nisifanye michezo ya kawaida, yenye pazia, kochi na mlango wa kuingilia. Wana haki ya kuuliza. Jibu langu ni refu, na sehemu yake kubwa ni mama mmoja wa Kaptembwa, mtaa wa hapa Nakuru, ambaye alisimama juu ya mkeka wangu kwa muda usiofika dakika tano. Lakini siwezi kuanza na yeye, kwa sababu kosa nililomfanyia nilikuwa nimelijenga kwa miaka mingi kabla hatujaonana.

Baba alikuwa karani wa reli na tulikaa nyumba za reli hapa Nakuru. Kila Desemba tulipanda gari la moshi usiku, kukicha tuko Kisumu, kisha tukaenda Nyakach kwa dani, mama yake baba. Zamani watoto wa Kijaluo walilala kwenye siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakalelewa kwa hadithi na vitendawili. Wakati wetu siwindhe ilikuwa imebaki jina, ila dani alikuwa na jamvi na moto wa kuni, na sharti moja tu: msikilizaji lazima aitikie. Tukinyamaza, naye ananyamaza. Usiku mmoja binamu yangu alisinzia, dani akaikata hadithi palepale, fisi akiwa bado mlangoni. Nikamsihi amalizie, maana mimi nilikuwa macho. Akasema hadithi hubebwa kama mtungi mkubwa, na upande mmoja ulikuwa umeachiliwa. Akajifunika shuka akalala. Desemba iliyofuata aliniambia ameisahau. Mpaka leo sijui yule fisi alifanya nini.

Shuleni nilifunzwa kinyume chake. Mashindano ya drama ya shule yapo nchini tangu 1959, na mtu yeyote aliyesoma Kenya anayajua: tarafa, wilaya, mkoa, taifa, waamuzi mezani na saa inayohesabu. Mwalimu wetu alichora chaki sakafuni, kila mmoja na alama yake. Ukisogea nusu hatua unasikia jina lako. Siyabezi mafunzo yale. Pale ndipo nilipojua kupumua kutoka tumboni, kutoa neno mpaka ukuta wa nyuma, kusimama bila kutapatapa. Lakini hadhira yetu ilikuwa waamuzi watatu na shule pinzani zilizotuombea tukosee. Hakuna aliyeitikia chochote. Tukaondoka tukiamini kwamba ukimya wa watu ni heshima.

Nilimaliza kidato cha nne 1996 bila karo ya kuendelea, nikajiunga na kundi la setibuku. Nani hakumbuki makundi yale? Watu kumi na mmoja ndani ya matatu moja, maleba kwenye magunia, asubuhi shule ya wavulana, mchana ya wasichana, mnaigiza kitabu cha kutahiniwa ndani ya bwalo linalonuka githeri huku meza zimeunganishwa kuwa jukwaa. Wanafunzi walilipa shilingi 50 kila mmoja. Shule nyingine ilichukua pesa za wanafunzi wake ikatuambia tungoje hundi, na hundi haikuja.

Siku moja, shule fulani upande wa Londiani, stima zilipotea katikati ya onyesho la jioni. Nilikuwa mezani nikicheza mke wa chifu. Giza totoro, wanafunzi kama 400, mvua ya milimani juu ya mabati. Mwenzangu alisahau mstari wake kwa hofu. Kutoka gizani msichana mmoja akautamka. Kisha wawili, kisha bwalo zima. Walikuwa wamekikariri kitabu kwa ajili ya mtihani, na sasa walikuwa wakitupa maneno yetu kabla hatujayatafuta. Tulipoliruka neno walitusahihisha. Tulifika mwisho wa mchezo bila kuonana uso. Stima ziliporudi kila mtu alikaa kimya, na walimu wakasema tumefanya vizuri kuvumilia. Mimi sikuona kwamba tulivumilia kitu. Nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu kwa dani, na sikujua namna ya kukitengeneza tena kwa makusudi.

Njia ya kwanza niliipata Kakamega mwaka 2003, kwenye kazi za afya. Wakati huo ukimwi ulikuwa umebomoa vijiji, na makundi mengi ya magharibi yalifundishwa thieta ya magneti. Haina ufundi wa ajabu. Mnachagua uwanja mmoja, siku moja ya wiki, saa ileile, mnarudi hapo miezi mfululizo mpaka watu wawazoee kama wanavyozoea soko. Mnaigiza kisa kifupi, mnakikata penye njia panda. Mume amepimwa na hajamwambia mkewe. Mkewe ameshika kikombe. Simama. Mwezeshaji anawageukia watu: ungekuwa wewe? Anayejibu haachiwi kukaa na jibu lake, anaitwa aje achukue nafasi ya mwigizaji alionyeshe. Mzizi wa jambo hilo ni Augusto Boal, mwongozaji wa Brazili, aliyefukuzwa nchini mwake baada ya kukamatwa mwaka 1971, lakini pale Khayega na Shinyalu hatukumtaja Mbrazili yeyote. Watu waliingia uwanjani kama waliokuwa wakingojea miaka yote waulizwe.

Nilikuwa mwezeshaji hodari. Nasema hivyo kwa sababu hodari ndiye hukosea bila kushtukiwa. Niliweza kusoma duara: watoto mbele, wanaume nyuma wamekunja mikono, vijana wa boda boda juu ya baiskeli zao, akina mama upande ulio karibu na njia ili wakimbilie sufuria motoni. Nilijua nani atainuka kabla hajajua mwenyewe. Na nilijua namna ya kumpeleka mtu kwenye jibu lililoandikwa kwenye karatasi ya mfadhili, naye akidhani amelitoa kichwani mwake.

Halafu nikasoma. Katika maktaba ya taifa hapa Nakuru nilikutana na habari za Peter Brook, mwongozaji Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa. Desemba 1972 aliondoka na waigizaji wake wakavuka Sahara kutoka Algeria, wakashuka Niger na Nigeria, na kila walipofika walitandika zulia wakaigiza bila skripti. In Salah, kituo chao cha kwanza, waliweka jozi ya viatu vikubwa katikati ya zulia wakaanzia hapo. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu. Kesho yake nikawaambia wenzangu tutafute mkeka.

Lakini kitu kilinikera, na bado kinanikera. Brook alikuwa mgeni anayepita, na mgeni anayepita hupigiwa makofi kwa adabu. Atajuaje kama wenyeji walichoka? Kwa hiyo nilipenda zaidi habari ya nyumbani, ile ya Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na vibarua wa pale walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakafanya mazoezi mbele ya kijiji kizima, na aliyeona mhusika anatenda lisilo kweli alisema papo hapo na mchezo ukabadilishwa. Serikali iliufunga mchezo Novemba mwaka huohuo, mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mtu akiniambia thieta ya majaribio ni ya Wazungu humwambia habari ya Kamiriithu, na kama ni Mjaluo humkumbusha tero buru: wanaume na ng'ombe na mikuki wakikifukuza kifo kutoka bomani mpaka nje ya kijiji, vita kamili na adui asiyeonekana. Nani aliyeketi kwenye kiti siku hiyo akatazama tu?

Nilikuwa na hayo yote kichwani, na mkeka mgongoni, vita vilivyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 vilipotukuta.

Sitasimulia mengi ya Nakuru wiki ile ya mwisho ya Januari 2008. Waliokuwapo wanajua, na wengine wamesoma. Uwanja wa maonyesho ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Mkataba wa kumaliza vita ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari, viongozi wakapeana mikono kwenye televisheni, na mitaani majirani wakaanza kurudi kwenye ploti walizochomeana.

Mwaka 2009 shirika moja lilitupa kazi ya mchezo wa amani. Maonyesho kumi na manne katika mitaa ya Nakuru. Tuliuandika vizuri, au ndivyo nilivyoona. Majirani wawili, mama na mwanamume, watoto wao walikua pamoja. Wanafarakana, nyumba inachomwa, mama anakimbia, mama anarudi. Mwishoni mwanamume anakuja na birika la chai, ananyoosha mkono, mama anautazama, anaupokea, wanakunywa. Mfadhili alitaka mwisho huo uwe kwenye skripti kabla ya kutoa pesa ya kwanza. Nikauweka. Kwenye kila onyesho niliwaita watu waje mkekani, lakini katikati tu ya mchezo. Mwisho ulikuwa umefungwa.

Onyesho la tisa lilikuwa Kaptembwa, saa kumi jioni, kiwanja kilicho nyuma ya maduka ya mbao. Watu walikuwa wengi. Tulipofika kwa birika la chai sikuwa nimeuliza swali lolote. Mwigizaji wangu alikuwa amenyoosha mkono. Mama mmoja wa makamo, leso kiunoni, akainuka kutoka upande wa njiani. Akavua ndara zake akazipanga pamoja ukingoni mwa mkeka, kama anayeingia nyumba ya watu. Akamgusa bega mwigizaji wetu wa kike, kwa upole, yule akampisha. Akasimama mbele ya ule mkono.

"Mkono nitakupa," akasema. "Lakini kwanza mabati yangu. Mabati ishirini na manne. Yako juu ya nyumba yako, nayaona kila asubuhi nikienda kuteka maji."

Kijana wangu hakuwa na jibu. Alishusha mkono, akaunyoosha tena. Akasema, "Mama, yaliyopita…" naye akamkatiza: "Hayajapita. Yako juu."

Duara lote lilinyamaza, na ukimya ule haukuwa wa heshima. Nilisikia randa ya fundi wa mbao kwa mbali. Nyuma kabisa, mwanamume mmoja alitoka kwenye kundi akaondoka bila haraka, na baadhi ya watu waligeuka kumtazama akienda, kisha wakatazama chini. Mama hakugeuka. Aliendelea kumtazama mwigizaji, akingoja.

Hapo ndipo kila kitu nilichokuwa nakitafuta tangu Londiani kilikuja chenyewe kikasimama mbele yangu miguu mitupu. Nami nilifanya nini? Niliingia mkekani nikitabasamu nikasema, "Asante sana mama yetu, jamani tumpigie makofi!" Wakapiga. Makofi yakamfunika. Nikamrudisha mwigizaji wangu, tukapeana mkono, tukanywa chai. Mama alizivaa ndara zake akaenda zake tukiwa bado tunakunywa.

Kwenye ripoti niliandika kwamba hadhira ilishiriki kikamilifu.

Sikulala vizuri kwa majuma kadhaa. Nikaanza kuulizia, nikaambiwa anauza mboga soko la Wakulima. Nilimkuta akikata sukuma. Nikajitambulisha kuwa mimi ndiye yule wa mchezo.

"Nakujua," akasema. "Wewe ndiye uliyewaambia wanipigie makofi."

Nikaomba radhi. Hakuikataa wala hakuipokea, alinisogezea kigoda. Alikata fungu zima la sukuma kabla hajasema tena. "Mwanangu, chai yenu mlikuja nayo imeshachemka. Mlikuwa mnatafuta wa kuinywa tu."

Kuna watu husoma chuo kikuu miaka minne kutafuta sentensi kama hiyo. Nilirudi kwa kundi nikawaambia mwisho wa mchezo tunautoa. Birika linatoka. Badala yake tutaleta bati moja, lililotumika, na mchezo utakoma pale mama anapolidai. Hapo tutakaa. Kama hakuna mtu wa kuingia mkekani tutakaa mpaka jua lizame, halafu tukunje mkeka bila kuinama wala kushukuru. Shirika lilikataa, kwa maneno ya adabu, na maonyesho matano yaliyobaki hayakulipwa. Waigizaji watano kati ya kumi na wawili waliondoka. Siwalaumu. Kodi ya nyumba haingoji.

Baadaye nilisoma alichosimulia Boal juu ya mwanamke mmoja kule Peru, mwaka 1973. Kisa kilikuwa cha mke aliyedanganywa na mumewe, na Boal akawataka watazamaji washauri mke afanye nini. Mwanamke huyu alishauri, waigizaji wakafanya, akasema sivyo. Wakarudia, akasema bado sivyo. Mwishowe Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe, akapanda, akamtandika yule mwigizaji. Kwa Boal, thieta yake yote ya watazamaji kuingia jukwaani ilianzia hapo. Basi hata yeye alifunzwa na mwanamke aliyekataa. Tofauti ni kwamba yeye alimpisha.

Bati lilikuja kuwa chombo chetu cha kila kitu. Lilale, ni kitanda. Likisimama ni ukuta, ni mlango wa kituo cha polisi, ni mgongo wa mtu. Vidole vikilipapasa ni mvua ya kwanza. Ngumi, ni mawe. Likitikiswa polepole kutoka pembeni hutoa mlio wa radi ya mbali inayowatoa watu vijisauti bila kujua. Tulifanya mazoezi asubuhi kabla ya watu kwenda vibaruani. Dakika ishirini za kutembea mkekani bila neno. Kisha karai la maji: linajazwa pomoni, waigizaji saba wamefumba macho, linapita mkono kwa mkono. Tone likianguka tunaanza upya. Zoezi hilo linamfunza mtu kusikiliza kwa ngozi. Mwigizaji aliyekaa miezi sita na karai hawezi tena kumkatiza mtazamaji anayeingia mkekani, kwa sababu ameshamsikia akija.

Watu hulinganisha kazi yetu na ile ya Grotowski, mwongozaji wa Poland, aliyeiita ya kwake thieta maskini. Nimejifunza mengi kwake. Ila yeye aliviacha mataa na maleba kwa hiari, ili abaki na mwigizaji peke yake. Sisi hatukuwa na cha kuacha. Jambo hilo si dogo, kwa sababu mtu aliyeuchagua uhitaji anaweza kuupenda kwa namna ambayo aliyezaliwa ndani yake hawezi, na waigizaji wangu wengi wangefurahi sana kupata taa moja nzuri.

Kwake pia ndiko nilikochukua kosa langu la pili, ingawa si yeye aliyelifanya. Nilikuwa nimesoma juu ya mwigizaji kujivua kila kinga na kutoa nafsi yake yote. Nilikuwa na kijana kutoka Bungoma, mpole, mwenye sauti iliyotulia. Kaka yake aliuawa 2008. Katika mazoezi ya 2011 nilimtaka alibebe bati lile mgongoni, alizungushe mkekani, amwite kaka yake kwa jina. Alisita. Nikamwambia hapo anaposita ndipo penye mchezo. Akafanya. Alifanya Kondele, Kisumu, mbele ya mamia ya watu, na wanaume wazima walilia, nami nilisimama pembeni moyo umejaa fahari. Akafanya mara sita. Siku ya saba, kwenye mazoezi, alilibeba bati, akafungua kinywa, sauti haikuja. Akaketi. Alilia mchana kutwa na sisi hatukujua la kufanya. Alirudi kwao, na kwa miaka miwili hakushika simu yangu. Alipokuja kuishika aliniambia jambo moja: kwamba sasa hawezi kulitaja jina la kaka yake nyumbani, kwa mama yao, bila kusikia makofi.

Makofi tena.

Tangu hapo mwigizaji wangu haigizi cha kwake. Tunakaa duara, kila mmoja anasimulia, halafu tunabadilishana. Wewe unachukua changu, mimi nachukua cha mwingine, na mwenyewe ana ruhusa ya kusema wakati wowote, hata tuko mbele za watu, "Nirudishie." Imetokea mara tatu. Mara zote tatu tulisimama, tukamrudishia, na watu wakaona. Mchezo haukufa.

Juu ya pesa sina la kufurahisha. Nimeishi kwa setibuku, kwa kufundisha shule drama kila msimu wa mashindano, kwa kuongoza sherehe za harusi za watu nisiowajua. Mama yangu aliniuliza mpaka anafariki kama kazi hii ina pensheni. Nimeolewa na mwalimu mwenye subira kubwa.

Aprili 2025 mashindano ya kitaifa ya drama yaliletwa hapa Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere walikuja na mchezo ambao ulikuwa umeenguliwa mpaka mahakama ikaamuru waruhusiwe kuucheza. Mwandishi wao alikuwa ameshikwa na polisi, na nje vitoa machozi vilikuwa vimerushwa. Asubuhi ya tarehe 10 waliingia ukumbini mahali pasipo na vyombo vyao wala hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa. Wakatoka.

Nilikuwa nyumbani na vijana wangu, tukatazama kwenye simu, kichwa kwa kichwa. Nimefundisha drama za shule miaka mingi. Najua miezi wanayotumia watoto wale, chaki sakafuni, sauti zinazokauka, nauli. Kuwa na mchezo mzima mwilini na kuukataa kwa sababu masharti ya kuucheza ni ya uongo, hilo hakuna mwalimu anayelifundisha. Binti mmoja wa kundi letu aliuliza kama ule sasa ulikuwa mchezo au haukuwa. Nikamwambia mimi nimeona wenyewe wameingia, wamesema walilotaka kusema, na wameondoka kwa miguu yao. Nilimfikiria yule mama akizipanga ndara zake.

Agosti mwaka huo tulicheza mchezo wa bati tena Kaptembwa, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilikwenda Wakulima kumwalika mwenyewe. Tulikuwa tumebaki tukisalimiana miaka yote hiyo, nikinunua mboga kwake, bila kuurudia mjadala wetu. Mabati yake hayakurudi. Alinunua mengine kwa pesa za chama cha kuweka akiba, polepole, mpaka nyumba ikafunikwa 2013. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nikizunguka na dai lake kutoka Nakuru mpaka Bungoma. Nikamwambia siku ile. Alinitazama, akasema atakuja akipata mtu wa kumwachia meza.

Alikuja akakaa upande uleule wa njiani, nywele sasa nyeupe chini ya kitambaa. Tulipofika pale mama anapodai, tukakaa. Hakuna aliyeongoza, hakuna aliyeuliza. Dakika zikapita. Mtoto mmoja akaanza kuchezea pindo la mkeka, akavutwa mkono na dadake. Kisha mama akainuka. Akavua viatu, akavipanga, akaja mpaka kwenye bati lililokuwa limesimamishwa katikati. Hakumtazama mwigizaji yeyote. Akalishika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, akalipinda kidogo. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaligonga tena.

"Hili ni geji 30," akasema, akinigeukia mimi. "Yangu yalikuwa 28."

Akarudi mahali pake. Nilibaki pembeni, mikono imeshikana mgongoni, na duara likaanza kuzungumza: huku mtu akimuuliza jirani yake la kwake lilikuwa geji gani, kule mwingine akitaja mlango, mwingine cherehani. Iliendelea mpaka giza likaingia, tukakunja mkeka katikati ya mazungumzo yao.

Kesho yake nilipita duka la vifaa vya ujenzi kuulizia bati moja la geji 28, maana kwa mabati namba ndogo ndiyo nene. Ni zito kuliko lile la zamani, na kijana anayelibeba amelalamika mara mbili. Radi yake ni nene zaidi.